Gari la oto linazima ukisimama: pima kabla hujaruhusu giaboksi ishushwe

Unatoka Kimara asubuhi, barabara imefunguka, gari linakwenda vizuri. Unafika kwenye taa, unakanyaga breki, na gari likikaribia kusimama linatetemeka mara mbili, kisha kimya. Taa za dashibodi zimewaka zote, nyuma daladala inapiga honi. Unarudisha gia kwenye P, unawasha, linawaka mara moja kana kwamba halijafanya kitu. Ukifika taa za mbele, mambo ni yale yale.

Nimeishi na gari la namna hiyo kwa miezi mitano. Gereji ya kwanza ilisema giaboksi imekufa, nikakubali. Ikashushwa, ikapandishwa nyingine ya mtumba kutoka Japani, nikalipa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya watoto. Siku ya pili baada ya kulichukua, gari likazima tena kwenye makutano yale yale. Kosa lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uukunje kwa mkono. Mwaka uliofuata jirani yangu akapotea kwa upande wa pili: alibadilishiwa plagi, koili na pampu ya mafuta, kumbe tatizo lilikuwa ndani ya giaboksi, tena dogo, ambalo halikuhitaji hata kuishusha.

Sisi sote wawili tuliruka swali la kwanza: je, injini inakufa yenyewe, au inanyongwa na giaboksi? Swali hilo unaweza kulijibu mwenyewe, bila spana hata moja, kabla hujampigia fundi simu.

Kwanza elewa kinachounganisha injini na giaboksi

Kwenye gari la manyuo kuna klachi, na ukisimama bila kuikanyaga injini inazima. Gari la oto halina pedali hiyo. Kati ya injini na giaboksi kuna kitu cha mviringo kama mtungi uliobanwa, kimejaa oili: toki konveta. Chukua feni mbili zitazamane, moja umeichomeka kwenye umeme, nyingine hujaichomeka. Ukiwasha ya kwanza, upepo wake unaizungusha ya pili. Ukiishika ile ya pili kwa mkono isizunguke, ya kwanza haizimi, inaendelea kupuliza. Ndivyo injini inavyoweza kuunguruma ukiwa kwenye D na mguu uko kwenye breki: oili ndiyo upepo, magurudumu ndiyo feni uliyoishika.

Lakini upepo unapoteza nguvu, na nguvu iliyopotea ni mafuta yanayoungua bure. Kwa hiyo ndani ya konveta kuna klachi ndogo ambayo, ukishakuwa kwenye mwendo uliotulia, inazikamata zile feni mbili ziwe kitu kimoja. Mafundi wengi wanaiita lokapu. Ukipunguza mwendo au ukikanyaga breki, kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, inaiambia iachie. Isipoachia, gari linaposimama magurudumu yanaivuta injini chini mpaka inazima, sawasawa na mtu aliyesahau kukanyaga klachi kwenye manyuo.

Hatua ya 1: Jua la kufanya likizima ukiwa kwenye mwendo

Nimeliweka hili mbele kwa makusudi, maana vipimo vingine vyote vinaweza kungoja na hili haliwezi.

Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na akiba ndogo tu ya msaada, ya kukanyaga mara moja au mbili. Kwa hiyo usiipampu breki. Ikanyage mara moja, kwa nguvu na kwa utulivu, usiiachie mpaka gari litulie. Washa hazadi. Ukiwa bado kwenye mwendo na unahitaji kuwasha tena, weka N, kisha washa. Kamwe usiweke P gari likiwa linatembea, utavunja kile kijino kinachoshikilia giaboksi. Na usichomoe ufunguo wala kuurudisha mpaka mwisho, kwa sababu usukani unaweza kujifunga.

Kama hali imefikia kuzima mara kwa mara, usilichukue gari kwenye safari ndefu. Mteremko wa Kitonga na malori yaliyo nyuma yako si mahali pa kugundua kwamba breki zimekuwa ngumu kama jiwe.

Hatua ya 2: Weka daftari kwa wiki moja

Fundi akikuuliza "linazimaje?" na wewe ukajibu "linazima tu," umemwachia akisie, na kukisia kwake unakulipia wewe. Chukua daftari dogo, liache kwenye gari. Kila likizima, andika ukishasimama mahali salama: lilikuwa la baridi au limeshapata moto? Ulitoka mwendo gani? Gia ilikuwa ipi? AC ilikuwa imewashwa? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Mshale wa mzunguko wa injini ulishuka polepole ukiyumba, au ulianguka ghafla? Likawaka papo hapo, au mpaka ulipolingoja dakika ishirini?

Baada ya siku chache picha inaanza kujichora. Linalozima asubuhi tu, likiwa baridi, mara nyingi ni silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) au hewa. Linalozima ghafla kama umeme umekatika, mshale ukaanguka mpaka sifuri, halafu likakataa kuwaka mpaka lipoe, litazame upande wa sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, au pampu ya mafuta. Linalozima pale tu unapotoka mwendo mkubwa kuja kusimama, na kuwaka mara moja ukigusa ufunguo, hilo ndilo linaloifanya giaboksi ishukiwe. Nasema ishukiwe. Bado hatujaihukumu.

Hatua ya 3: Kipimo cha N

Vipimo ni viwili, na ni lazima ufanye vyote. Nilichokosea mimi ni kuishia kwenye kimoja.

Kipimo cha kwanza, gari limesimama. Liwe limeshapata moto, mahali tambarare, hendibreki imevutwa, mguu kwenye breki. Lisikilize kwenye P kwa dakika moja. Silensa ya magari mengi madogo likiwa na moto huwa kati ya mizunguko 600 na 750 kwa dakika, na mshale unatakiwa utulie. Kisha weka D, ukiwa bado umekanyaga breki. Silensa itashuka kidogo, halafu itulie. Kaa hapo dakika moja. Washa AC. Rudia kwenye R.

Kipimo cha pili, barabarani. Tafuta barabara isiyo na watu wala magari, mwambie mwenzako akae pembeni aangalie mshale. Nenda kama kilometa 60 hadi 70 kwa saa kwa dakika kadhaa, kisha achia mafuta na usimame taratibu ukiwa kwenye D. Rudia safari hiyo hiyo, ila safari hii, mwendo ukishafika kama 30, sukuma gia iende N kisha simama. Fanya mara tatu kila namna.

Sasa soma majibu. Gari likibeba D vizuri likiwa limesimama, hata na AC, lakini likazima kila linapotoka mwendo mkubwa, na N ikaliokoa kila mara, basi lokapu haiachii. Utaisikia pia kwa mwili: gari linatupa kichwa mbele na nyuma kabla ya kuzima, na mshale unashuka pamoja na mwendo wa magurudumu.

Silensa ikiyumba hata kwenye P na N, giaboksi haihusiki na huo ugonjwa. Iache ilivyo, nenda hatua ya 4.

Na kama kwenye P ni shwari lakini ukiweka D gari likiwa limesimama linazima? Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Fundi anasema: "Si unaona mwenyewe, ukiingiza gia tu linakufa, ni giaboksi." Inawezekana. Lakini D ni mzigo, na injini dhaifu inaangushwa na mzigo wowote. Zaidi ya hapo, injini inapobeba D inajipinda kidogo kwenye mauntingi, zile raba zinazoishikilia kwenye gari. Mpira wangu uliopasuka ulikuwa unafumba kwenye P na kufunguka injini ikijipinda, hewa isiyopimwa ikaingia, gari likazima. Giaboksi mpya haikuwa na la kufanya hapo. Kwa jibu la aina hii, anza na upande wa injini, kwa sababu ndio wenye vipimo vya bei ndogo.

Hatua ya 4: Upande wa injini

Anza na mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa kwenda kwenye injini. Ufungue, uukunje kila pembe, tazama kwenye mikunjo yake na chini yake. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa baada ya filta, ufa wowote uliopo kati ya sensa hiyo na injini unaingiza hewa ambayo kontroli boksi haina habari nayo. Kagua pia mipira midogo ya vakyumu. Joto la pwani na umri vinaifanya ikauke na kupasuka kama kandambili ya zamani.

Kisha throto bodi, bomba fupi lenye mlango unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Mlango wake mdogo unajaa masizi meusi, na hewa ya silensa inapita kwenye upenyo mwembamba kama uzi, kwa hiyo masizi kidogo tu yanatosha kuliua gari ukisimama. Isafishwe kwa dawa yake na kitambaa laini. Kama ni ya umeme, usiusukume mlango kwa kidole wakati swichi iko oni. Magari mengi yenye throto ya umeme, Nissan hasa, yakishasafishwa au betri ikichomolewa yanahitaji kufundishwa silensa upya kwa mashine au kwa utaratibu wake maalumu. Nimeona watu wakirudi nyumbani na silensa ya 1,500 wakidhani fundi ameharibu kitu, kumbe kontroli boksi bado inafungua mlango kama vile masizi yapo.

Sensa ya hewa ina dawa yake ya kupuliza. Usiiguse kwa brashi wala kidole, na usiipulizie ile dawa ya throto bodi.

Baada ya hapo plagi na koili, lakini kwa dalili: gari lenye misi, yaani silinda isiyowaka vizuri, litakutikisa hata ukiwa kwenye mwendo. Pampu ya mafuta inayochoka hujionyesha zaidi kwenye joto na tangi likiwa chini, kwa kuwa pampu inapozwa na mafuta yaliyomo kwenye tangi. Watu wa kuweka mafuta ya buku tano tano wanaziua pampu bila kujua. Fundi apime presha kwa geji kabla ya kukuuzia pampu.

Umeme usisahaulike. Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikiwa imewaka magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Oltaneta inayokufa huanza na taa hafifu na gia zisizoeleweka, kwa sababu kontroli boksi ya giaboksi nayo inakula umeme huo huo.

Hatua ya 5: Oili ya giaboksi

Oili hii, ambayo wengi wetu tunaiita haidroliki, ndiyo inayoendesha giaboksi ya oto. Inalainisha, inapoza, inasukuma klachi, na ndiyo ule upepo wa kwenye konveta. Kwa hiyo ipime vizuri, maana kuipima vibaya ni sawa na kutoipima.

Kwenye Toyota nyingi zenye kijiti: gari limetembea mpaka giaboksi imepata moto, karibu nyuzi 70 hadi 80. Simama tambarare, injini ikiwa inaunguruma, mguu kwenye breki, pitisha gia kila mahali kuanzia P mpaka L, kila moja sekunde mbili tatu, rudi P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, chomoa tena. Soma kwenye alama ya HOT. Honda nyingi ni kinyume: unazima injini kwanza, kisha unapima ndani ya dakika moja na kidogo. Na magari mengi ya karibuni hayana kijiti kabisa. Oili inapimwa kwa kufungua nati ya chini huku mashine ikisoma joto. Fundi anayekuambia "hii haipimwi, imefungwa milele" mwache, tafuta mwingine.

Weka tone kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu inayong'aa ni nzima. Kahawia ni ya zamani. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi za ndani zimechomeka. Ikiwa imegeuka pinki kama maziwa yaliyotiwa sharubati, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu kwenye magari mengi oili inapozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Usiliwashe tena, livutwe. Rangi hii nyekundu si sheria kwa CVT zote, yaani giaboksi za oto zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua. Ya Nissan NS-2, kwa mfano, ni ya kijani, na ya Honda iko karibu na asali.

Aina ya oili ndipo nilipo na msimamo mkali. Dukani utaonyeshwa chupa iliyoandikwa kwamba inafaa giaboksi zote. Toyota T-IV na Toyota WS zote ni nyekundu, lakini WS ni nyepesi zaidi na hazibadilishani. CVT ya Nissan inayotaka NS-2 au NS-3 haitaki ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za oto, hata siku moja, maana ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili ndiyo inayoamua kama mkanda utashika au utateleza. Honda Fit ya kwanza yenye CVT ikipewa oili isiyo yake hutetemeka kila unapoanza kuondoka. Nunua oili kwa kilichoandikwa kwenye kijiti, kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha giaboksi. Ikiwa bei yake ni mara mbili ya ile nyingine, bado ni sehemu ndogo sana ya bei ya giaboksi.

Ukimwaga kwa kufungua nati, hutoka kama lita tatu au nne tu; nyingine inabaki kwenye konveta. Pima kilichotoka kwenye chupa tupu za maji, rudisha kiasi kile kile, kisha kagua kiwango. Tembea wiki mbili, rudia. Oili iliyozidi nayo ni tatizo: inatoa povu, na povu halisukumi klachi. Kwenye giaboksi ya zamani isiyojulikana historia sipendi zile mashine za kusukuma oili yote kwa presha, zinaamsha uchafu uliokuwa umelala. Na kama gia tayari zinateleza na oili inanuka moto, oili mpya haitarudisha klachi zilizokwisha. Watu husema "nilibadilisha oili ndipo giaboksi ikafa." Ilikuwa inakufa tayari, ndiyo maana waliibadilisha.

Sampu, lile sinia la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa, omba uione sumaku iliyo ndani. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida.

Hatua ya 6: Mashine, na kusoma kodi kwa akili

Kabla mtu hajafuta kodi, yaani namba za makosa ambazo mashine inazisoma kwenye kontroli boksi, ziandike zote kwenye daftari au uzipige picha. Kodi ikifutwa kabla ya kuandikwa, umepoteza ushahidi.

P0742 inasema lokapu imekwama ikiwa imeshika, na ndiyo iliyokuwa kwenye gari la jirani yangu muda wote ule anabadilishiwa pampu. Hakuna aliyekuwa amelipima upande wa giaboksi. P0740 na P0741 nazo ni za lokapu, lakini zinahusu saketi yake au kutoshika kwake. P0335 ni sensa ya krenki, P0340 ya kamshafti, P0505 ni silensa, P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa inanililia mimi huku watu wakishusha giaboksi. P0700 haielezi kosa lenyewe. Inasema tu kwamba kontroli boksi ya giaboksi ina la kusema, ingia huko ukaisikilize.

Vifaa vidogo vya kuchomeka vinavyosoma kwenye simu ni msaada mkubwa, ila magari mengi ya soko la Japani ya kabla ya 2008 hivi hayasomeki kwa vifaa hivyo. Hapo mtafute fundi mwenye mashine kamili. Kwenye Toyota za zamani, taa ya O/D OFF inayopepesa yenyewe ni kilio cha giaboksi.

Kodi inataja saketi, haitaji kifaa cha kununua. Kabla ya solenoidi, vali ndogo ya umeme inayoongoza oili ndani ya giaboksi, kuhukumiwa, soketi yake ichomolewe itazamwe kutu na oili, waya zifuatwe, kisha solenoidi ipimwe. Zile za kubadilishia gia kwenye Toyota nyingi husoma om 11 hadi 15 zikiwa baridi. Kagua na swichi ya breki pale juu ya pedali: mwambie mtoto asimame nyuma ya gari akuambie kama taa za breki zinawaka kila ukikanyaga. Magari mengi hutumia alama hiyo kujua kwamba umeshika breki na lokapu iachie.

Kwa jirani yangu, fundi wa tatu alishusha sampu tu. Solenoidi ya lokapu ilikuwa imekabwa na uchafu. Solenoidi, filta, gasketi na oili; gari likatoka jioni ile ile.

Hatua ya 7: Jua giaboksi inayoumwa kweli

Zipo giaboksi zilizokufa kweli, na sitaki utoke hapa ukimbishia kila fundi. Ukiingiza D au R likakaa zaidi ya sekunde mbili kabla ya kushika. Mshale ukipanda na mwendo usipande. Rivasi ikapotea huku gia za mbele zipo. Gari likiganda kwenye gia ya tatu kila likipata moto mlimani. CVT ikivuma kama mbu mkubwa na sauti ikafuata mwendo. Hizo ni dalili za ndani.

Kwa kugonga pekee, simama kidogo. Mauntingi ya injini iliyokatika hugonga ukiingiza R kiasi cha kuapa kwamba ni giaboksi. Fungua boneti, mwenzako akanyage breki na kubadilisha D na R, wewe simama pembeni, usisimame mbele ya gari, na uangalie injini inaruka kiasi gani.

Hatua ya 8: Ikibidi kubadilisha

Ongea na fundi kwa heshima na kwa uwazi. "Fundi, nimefanya kipimo cha N, kodi nilizopata ni hizi, oili iko hivi. Naomba unionyeshe kitu kinachokufanya useme giaboksi." Fundi mzuri hufurahi kupata mteja wa namna hiyo. Anayekasirika amekuokolea fedha.

Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, nenda na namba ya giaboksi kutoka kwenye kibati cha gari lako. Usitaje jina la gari peke yake. Gari lenye jina moja linaweza kuwa na giaboksi tatu tofauti kwa injini tofauti, na ya gari linalovuta magurudumu mawili si ya linalovuta manne. Linganisha soketi za waya kwa macho. Chomoa kijiti au nati, tazama na unuse oili iliyobaki ndani. Ichukue pamoja na konveta yake. Waranti iandikwe kwenye risiti, kwa siku, na neno "inarudishwa" liwepo.

Wakati wa kufunga kuna mambo mawili ya kusimamia. La kwanza, njia za kupozea oili kwenye rejeta zisafishwe, la sivyo vyuma vya giaboksi ya zamani vitaingia kwenye mpya siku ya kwanza. La pili, konveta izungushwe na kusukumwa mpaka iingie yote kwenye pampu kabla ya boliti kukazwa. Ikiwa imeingia nusu na fundi akavuta giaboksi kwa boliti, pampu inavunjika hapo hapo, na utaambiwa kwamba uliuziwa mbovu. Omba uwepo wakati huo. Na giaboksi yako ya zamani usiiache gereji mpaka wiki mbili zipite.

Gari likivutwa, brekidauni iyanyanyue magurudumu yanayovuta. Lile linalovuta manne lipakiwe lote juu. Kuliburuza gari la oto kwa kamba kilometa kumi, injini imezima na pampu ya oili haifanyi kazi, kunaweza kuimaliza giaboksi iliyokuwa na solenoidi moja tu mbovu.

Ukishalichukua, rudia vipimo vyote viwili vya hatua ya 3 siku ile ile, fundi akiwa amekaa kiti cha pembeni. Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya giaboksi. Asubuhi ukikuta tone, liguse, linuse, lipige picha yenye tarehe, pima oili, na urudi gereji kabla siku za waranti hazijakwisha.